Jiko la Watu Wanne

Greta Haugen alikuwa ameshavuka mto, ameshavuka reli, na ile herufi H kubwa ya mawe meupe ubavuni mwa mlima ilikuwa imebaki nyuma kwenye kioo, ndogo kama jino la mtoto, ndipo alipojiruhusu kulia kwa sauti.

Alikuwa amewaambia watu wote wa Haldane kwamba ataondoka saa sita mchana. Akaondoka kabla jua halijatoa kichwa. Aliwajua watu wake. Wangekuja na chupa za kahawa na mikate ya mdalasini, wamkumbatie mmoja mmoja, wamuulize, "Na Anselmo je?", naye angepasuka mbele yao kama yai.

Mji ule una desturi yake wakati wa baridi. Watu hawazimi magari. Ukiingia posta, ukiingia kununua mkate, unaliacha gari linanguruma nje, ufunguo umo, milango haijafungwa, maana ukilizima huna hakika kama litawaka tena. Huibiwi. Nani akuibie, na barabara ya kutokea ni moja? Basi Greta aliegesha mbele ya posta, akaingia kutumbukiza ufunguo wa ofisi yake sandukuni, akatoka kofia ya koti imemshuka hadi puani, vioo vyote vimeganda barafu, akapanda pikapu nyeupe, akaenda zake.

Machozi ni miwani mibaya. Hadi anaingia kwenye korongo hakuwa ameona kitu. Kwanza aliona gari ni zito, linapanda mlima kama mjamzito. Kisha akasikia harufu ya pilipili mbichi za kuchoma. Kisha pua baridi, yenye majimaji, ikamgusa shingoni.

Alipiga ukelele uliobaki kidogo umtupe mtoni.

"Frijol!"

Mbwa akamlamba sikio. Frijol kwa lugha ya kina Anselmo ni haragwe, na mbwa mwenyewe alikuwa mwekundu, mviringo, mvivu, amelifaa jina. Siku zote alilala kiti cha nyuma cha gari la bwana wake, chini ya blanketi.

Greta akatazama usukani. Akatazama rozari iliyoning'inia kiooni. Akatazama kule nyuma ya kiti, akaona tandiko la farasi la Anselmo, sufuria zake, kile kifurushi cha turubai alichofungia visu vyake vya jikoni. Kila alichokuwa nacho mtu yule duniani kilikuwa ndani ya gari lile.

"Kumbe na yeye anaondoka leo," alisema kwa sauti. Frijol akapiga mkia. "Hakusubiri hata nitoke mjini. Alikuwa ameshafunga mizigo!"

Sasa hasira ikakausha machozi. Angegeuza gari, lakini kulia kulikuwa na ukuta wa theluji na kushoto mto, na simu ndani ya korongo lile haishiki. Akaendelea kupanda.

*

Tuseme ukweli: ugomvi wao ulianzia mezani.

Greta alikuwa na miaka thelathini na minne, na kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya meza ya ofisi ya wageni, kugawa ramani na kutabasamu. Kila msafiri, akishapiga picha zake za mto na za treni kuukuu, aliuliza swali lilelile: "Kuna mji gani mwingine kama huu?" Naye alijibu kama kasuku: "Nenda Durango. Nenda Salida. Bend ni pazuri. Flagstaff utapapenda." Hata mmoja hakuwa ameuona kwa macho. Mama yake alipougua yeye ndiye aliyebaki nyumbani, na mama alipofariki alikuta amezoea kubaki.

Halafu siku moja ya kiangazi akaingia ofisini mwanamume mrefu, mweusi wa nywele, mkono umeungua moto wa jikoni. Akamsikiliza Greta akiwapangia wageni miji yao hadi mwisho, kisha akasema, "Samahani, dada. Flagstaff usiwapeleke Agosti, kuna mvua. Nimeishi."

"Na Durango?"

"Nimeishi."

"Bend?"

"Misimu miwili."

"Wewe una miguu au magurudumu?"

Akacheka. Na kicheko cha Anselmo Trujillo kilikuwa kitu cha kuangalia, maana kilianza machoni, kikakaa huko kwanza, ndipo kikashuka. Alikuwa amekuja kupika msimu mmoja kwenye nyumba ya wageni ya ng'ambo ya reli. Alipika majira mawili ya baridi. Na katika majira hayo mawili Greta alijua jinsi mkono wa mtu unavyoweza kukaa kiunoni pako ukasahau kama kuna theluji nje.

Ila alikuwa na kanuni, na hakuificha. Tangu wiki ya kwanza alimwambia: "Kitu nisichoweza kukiinua peke yangu, si changu." Hakuwa na kitanda, hakuwa na kabati. Greta aliicheka kanuni ile, lakini usiku alipolala aliigeuzageuza kama jiwe ndani ya kiatu. Mimi je, alijiuliza, ananiinua au haniinui?

Jumapili iliyotangulia safari ile, baba yake Greta, mzee Orrin, aliwaalika kula. Orrin Haugen alifungasha mizigo ya nyumbu maisha yake yote, akiwapandisha wawindaji milimani, na babu yake ndiye aliyepima mtaa wa kwanza wa Haldane kwa kamba. Ukitaka ugomvi naye, mwambie kuna mji mwingine kama ule. Alikata nyama ya paa, akajaza sahani za watu, akaanza.

"Bwana Anselmo, umeishi miji mingapi ya milima?"

"Mingi, mzee."

"Na ulitoka kwa nini? Walikufukuza?"

"Baba!" Greta akasema.

"Nauliza tu. Nils, mimi naruhusiwa kuuliza nyumbani kwangu?"

Nils, kaka yake Greta, alikuwa na viazi mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

"Hawakunifukuza," Anselmo akasema taratibu. "Msimu uliisha."

"Eeh. Msimu." Orrin akalitafuna neno lile pamoja na nyama. "Watu wa msimu nawajua. Ni kama theluji ya mwezi wa tano. Inaanguka nzuri, unaamka asubuhi huikuti. Na binti yangu huyu si zizi la kupumzishia farasi."

Greta alikuwa amewaka masikio. Lakini badala ya kumtetea, akajisikia anauliza swali ambalo alikuwa amelilalia majira mawili ya baridi.

"Basi sema, Anselmo. Kote huko uliondoka. Hapa kuna tofauti gani?"

Anselmo alimtazama. Akamtazama mzee Orrin, na picha ya yule babu mpimaji ukutani, ameshika kamba yake. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akashika uma.

Hakujibu.

Greta alisimama, akaweka kitambaa chake cha kufutia mkono juu ya sahani, juu ya mchuzi, na kesho yake akampigia binamu yake wa Durango, aliyekuwa akimsihi siku nyingi aende amsaidie kuendesha nyumba ya wageni. Alimwambia, "Nakuja Alhamisi."

*

Juu kabisa, mahali wanapopaita Shingo ya Farasi, barabara ilikuwa imefungwa. Huko wakiona theluji imening'inia vibaya huipiga kwa mzinga iporomoke mapema, kabla haijawaangukia watu, kisha huleta tingatinga likaondoe kifusi. Magari matano yalikuwa yamepanga foleni. Mbele yao alisimama Verna Tibbets na kibao chake chekundu, amevaa makoti hata huoni mahali mwili unapoanzia. Verna alimjua Greta tangu hajaota meno.

"Greta Haugen!" alisema, akigonga kioo. "Mbona saa hizi? Sisi tuliambiwa saa sita."

"Nimebadili mawazo, mama Verna."

"Na gari pia umebadili?"

Greta akajifanya anatafuta glavu zake.

"Hilo ni gari la Anselmo."

"Najua."

"Mwenyewe anajua?"

Greta akazitafuta zaidi. Verna akaegemea dirisha na makoti yake yote, uso umemchangamka kama mtu aliyekaribishwa arusi.

"Mwanangu, nimesimama hapa majira kumi na saba ya baridi. Nimeona watu wanakimbia na wake za watu, na waume za watu, na ng'ombe wa watu. Mtu anayemkimbia mpenzi wake kwa gari la mpenzi wake, ndiyo kwanza nakuona wewe."

"Nilikosea! Yote ni meupe! Na hata hivyo, yeye mwenyewe alikuwa anaondoka. Angalia mizigo hiyo. Amefunga kila kitu. Usinitetee mtu wa msimu."

"Sijamtetea. Nimeuliza gari tu." Verna akachungulia nyuma. "Na kule chini ya turubai kabeba nini? Magurudumu yamelala kama yamechoka kuishi."

Hapo Frijol akaanza kulia kutaka kushuka. Greta akamfungulia mlango, na kwa kuwa ameshashuka naye, na kwa kuwa Verna alikuwa anatazama, akazunguka nyuma ya gari.

Turubai lilikuwa limefungwa kwa kamba. Greta alinyoosha mkono kulifungua, mkono ukaganda hewani.

Wafungasha nyumbu wote wa milima ile hufunga mzigo kwa fundo la almasi, kamba zikikutana juu kwa pembe nne. Ila kila mmoja ana mkono wake. Mzee Orrin alikatwa kidole cha shahada na kamba angali kijana, kwa hiyo fundo lake hulazwa kushoto, kinyume na dunia nzima, na ncha huchomekwa chini mara mbili. Greta alilijua fundo lile kabla hajajua kusoma. Hakuna mwingine aliyelifunga hivyo. Hakuna mwingine aliyetaka.

"Baba?" alinong'ona, kama kwamba mzee yumo chini ya turubai.

Alilifungua lile fundo. Akainua turubai.

Lilikuwa jiko. Jiko la kuni la chuma cha kusubu, lile la zamani, lenye matundu sita juu na oveni mbili na miguu minne ya simba, pana kama kitanda cha mtoto. Alilijua pia. Lilikuwa la mjane Lindqvist, na watu walikuwa wakisema litabaki kwenye banda la mjane yule hadi kiama, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulitoa.

Verna akapiga mluzi. "Hilo halibebwi na mtu mmoja."

"Hapana," Greta akasema.

"Wala wawili."

"Hapana, mama Verna."

"Wanne, nadhani. Wanne walioshiba."

Greta alikuwa ameshika ukingo wa gari kwa mikono yote miwili. *Kitu nisichoweza kukiinua peke yangu, si changu.* Mtu mwenye kanuni ile, amekwenda kununua kitu kizito kuliko vyote Haldane. Na baba yake, aliyesema watu wa msimu ni theluji ya mwezi wa tano, amemfungia kamba.

"Mtu anayehama," alisema polepole, kama anayehesabu kwa kidole, "habebi jiko."

"Mimi nisingebeba," Verna akakubali.

*

Hawakungoja sana. Chini kwenye kona ikatokea pikapu nyingine nyeupe, ile ya Greta hasa, inapanda kwa fujo, taa zinawaka, honi inalia. Ilisimama upandeupande. Mlango mmoja akatoka Anselmo, hana kofia wala koti, unga wa mkate kwenye ndevu. Mlango mwingine akatoka mzee Orrin, ameshika kikombe cha kahawa kilichomwagika chote.

"Mwizi wa magari!" Orrin akaunguruma. "Miaka sabini hakuna Haugen aliyeiba gari!"

"Babu aliiba nyumbu, baba."

"Nyumbu ni tofauti!"

Anselmo akampita mzee. Alikuja hadi hatua chache kutoka kwa Greta, akasimama. Akaona turubai limefunguliwa. Akaona jiko linaangalia mbingu. Uso wake ukawa wa mtu aliyeshikwa akiwa uchi.

"Nilitaka ulione likiwa na moto ndani," alisema.

"Ulikuwa unalipeleka wapi?"

"Kwenye ile nyumba ya wachungaji wa mifugo, pamoja na mizigo yangu. Juu ya malisho ya baba yako."

"Ile haina hata mlango."

"Mlango ningeutengeneza kesho."

"Nani amekuruhusu?"

Anselmo akamtazama mzee Orrin. Mzee Orrin akatazama ndani ya kikombe kitupu.

"Nimepita alfajiri kwa mjane," mzee akasema hatimaye, "nikamkuta huyu bwana peke yake na mbao mbili, anataka kulipandisha jiko lile garini. Peke yake! Angejiua. Mimi siwezi kumwona mtu anapakia vibaya, nitaugua. Nikamwita Nils, nikamwita mwoka mikate. Nikamuuliza, 'Unalipeleka wapi?' Akasema, 'Popote utakaponiruhusu, mzee, mradi Greta apaone dirishani.' Sasa ulitaka nimjibu nini? Nilikuwa nimeshaushika mguu wa jiko."

Verna akafuta jicho kwa kibao chake chekundu.

"Tukaenda kwa mwoka, jirani na posta, kunywa kahawa ya kujipongeza," Orrin akamalizia. "Tukitoka, gari halipo. Lako lipo, na sanduku lako, na shuka la marehemu mama yako kitini." Mzee akaweka kikombe juu ya boneti. "Ulisema saa sita, Greta."

"Samahani, baba."

"Haya. Zungumzeni. Mimi naangalia kamba, umeiharibu."

Greta akamgeukia Anselmo. Lile swali lilikuwa bado limesimama kati yao kama mtu wa tatu.

"Nilikuuliza mbele ya watu. Hapa kuna tofauti gani. Ulinyamaza, Anselmo. Unajua nilivyotembea kurudi kwangu?"

"Najua. Nilikufuata nyuma hadi ulipozima taa."

"Mbona hukujibu?"

Akashusha sauti, akamtupia jicho mzee Orrin, aliyekuwa amewapa mgongo na kutega sikio.

"Kwa sababu jibu lilikuwa baya. Ningemwambiaje mzee, mezani kwake, chini ya picha ya babu yake? Greta, hapa hakuna tofauti yoyote. Mto ni uleule. Treni ileile. Kila mji una herufi yake mlimani na kila mji una mzee anayeapa kwamba hakuna pengine kama pale. Ungezaliwa Salida, jiko hili lingekuwa Salida."

Theluji ilikuwa imeanza kuanguka kidogokidogo, ikimtua kwenye nyusi, naye haifuti.

"Mimi miji nimeshamaliza," alisema. "Nimekuja kwako."

Greta hakukumbuka alivyomfikia. Alikumbuka tu kwamba unga wa ndevu zake ulikuwa na ladha ya mdalasini, na kwamba mikono ile ilimwinua miguu yake ikaacha ardhi, na kwamba alicheka na kulia pamoja, pumzi aliyoibana tangu Jumapili ikamtoka yote kama mvuke wa treni.

"Nimesikia!" Orrin akapiga kelele bila kugeuka. "Salida! Salida mto wao ni mchafu!"

"Ndiyo, mzee," Anselmo akasema, mdomo ungali kwenye nywele za Greta.

Pale mbele tingatinga lilipiga honi. Verna akageuza kibao chake. Magari yakaanza kwenda moja baada ya jingine, na la nyuma yao likaanza kupiga honi kwa hasira.

"Njia imefunguliwa," Anselmo akasema. Alimweka chini, polepole. "Durango ipo huko. Kama unataka kuiona, nenda. Sikuzuii. Jiko haliendi popote."

Greta akatazama barabara inayoshuka upande wa pili, upande ambao maisha yake yote alikuwa ameuelezea wageni. Kwa mara ya kwanza haikumwita wala haikumtisha. Ilikuwa barabara tu.

"Nitaiona," alisema. "Theluji ikiyeyuka, wakati wa matope, wageni wakipungua. Wewe utaendesha na utanionyesha yote. Leo tuna jiko la kushusha, na nyie mko wawili."

"Nils yupo nyumbani," Orrin akasema.

"Watatu, basi. Wa nne mimi."

*

Jiko lilishushwa siku hiyohiyo. Nils alijiponda kidole gumba, ukucha ukatoka.

Binamu wa Durango alikasirika wiki mbili, kisha akaajiri mtu mwingine. Wakati wa matope Greta na Anselmo walikwenda wakamwona, wakaenda Salida, Flagstaff na Bend, wakarudi. Greta alikuta ni kweli, miji yote inafanana. Mto wa Salida ulikuwa safi, lakini hawakumwambia mzee.

Walioana mwezi wa Septemba, kwenye malisho. Mjane Lindqvist alikaa mstari wa mbele akasema jiko lake limeuzwa rahisi mno.

Greta alirudi ofisi ya wageni. Wakimuuliza mji gani mwingine kama huu, anawatajia yote, na anawaambia Flagstaff wasiende Agosti. Anselmo alifungua mgahawa wake ng'ambo ya reli. Verna alistaafu, akakabidhi kibao. Mzee Orrin aliishi miaka sita zaidi, akafa usingizini, baada ya kumfundisha mkwewe fundo lake, la kushoto. Frijol alikufa mwaka uliofuata. Wamempata mbwa mwingine, mweusi.

Nyumba ya wachungaji ina mlango sasa. Jiko lipo palepale lilipowekwa.